MNYAMA HAKUI KWA KIPIMO CHA SANDUKU

Kuna uongo mmoja umetembea dunia nzima bila pasi wala viza, nao ni huu: eti mjusi hukua kwa kadiri ya sanduku analofugiwa. Mweke katika sanduku dogo, atabaki mdogo. Mweke katika kubwa, atanenepa na kukusumbua. Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, lete pesa, chukua mjusi wako na hili sanduku lake la kioo, nenda nyumbani ukalale.

Uongo huu umesemwa katika maduka ya wanyama ya Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na sasa unasemwa na vijana wetu wanaotazama picha za mijusi kwenye simu na kutamani na wao wawe na wa kwao. Mimi nasema wazi, na atakayenuna anune: mnyama hakui kwa kipimo cha sanduku. Hukua kwa kipimo cha damu yake. Sanduku likiwa dogo, kinachopungua ni afya yake na siku zake.

Najua mtaniuliza. Hivi wewe, kijana uliyemaliza kidato cha nne, unayejiita mwandishi wa riwaya ambayo hata haijaisha, jarida la fasihi na mabanda ya mijusi wapi na wapi? Subirini. Tutafika. Kwanza tuzungumze na mjusi mwenyewe.

Chukua mfano wa iguana, yule mjusi wa kijani wa Amerika ya Kati na ya Kusini. Katika miaka ya 1990 Marekani ilikuwa inaingiza iguana kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Walikuwa wakiuzwa wakiwa wadogo, urefu wa rula ya shule au pungufu, mkia ukiwamo, na kila mtoto alililia wa kwake. Lakini iguana akishapevuka anaweza kupita mita moja na nusu. Ana kucha, ana mkia unaochapa kama kiboko. Sasa huyo utamweka wapi, ndugu yangu? Katika lile sanduku la kioo ulilouziwa, hawezi hata kugeuka. Wengi walikufa kabla ya kufika ukubwa huo, na wenye maduka wakapata ushahidi wao: mnaona, si tulisema hakui? Aliyekufa angekuaje!

Au chukua kenge, huyu huyu wetu. Kenge wa maji, yule wa mitoni, anaweza kupita mita mbili. Alipelekwa Florida kuuzwa kama mnyama wa kufurahisha nyumba. Akakua, kama alivyoumbwa. Wenye nyumba wakashindwa naye, na tangu mnamo mwaka 1990 kenge wa Afrika wakaanza kuonekana wakijitawala katika mifereji ya mji wa Cape Coral, wakila mayai ya ndege wa watu. Mwaka 2021 jimbo la Florida likawaingiza kenge wa maji na iguana katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku kufugwa kwa kujifurahisha. Miaka thelathini na zaidi! Sisi waswahili tunasema kenge hasikii mpaka atokwe na damu. Hapa asiyesikia alikuwa nani, kenge au mwenye kenge?

Sasa tuingie katika sababu zenyewe, maana mimi sipendi makelele bila hoja.

Mjusi hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili kama mimi na wewe. Joto lake analitafuta nje. Akihisi baridi huenda juani, na joto likizidi huenda kivulini au shimoni. Siku nzima anafanya hivyo: anatoka, anaingia, anapanda, anashuka. Ndiyo maisha yake, na bila hivyo chakula hakisagiki tumboni. Kenge wa mbuga hupenda kuota kwenye mahali penye joto la nyuzi 50 na kuendelea, kisha akaenda kupoa penye nyuzi 25 au 26. Haya, niambie: katika sanduku la futi 4 kwa futi 2, ukiweka taa ya kufikisha nyuzi 50 upande mmoja, upande wa pili utabaki na nyuzi ngapi? Lote linakuwa jiko. Mwenye sanduku akiogopa kumkaanga mnyama, anapunguza taa, na sasa hakuna mahali pa kuota. Kwa hiyo kenge ama anaungua ama anashindwa kusaga chakula. Nafasi kubwa si anasa. Nafasi ndiyo dawa yake na ndiyo shuka lake.

Kuna jua tena. Mwanga wa jua una miali ambayo ngozi ya mjusi huitumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo chokaa ya chakula haifiki mifupani. Kioo cha kawaida huizuia miali hiyo. Mjusi aliyekaa miezi nyuma ya kioo bila taa maalumu hupata ugonjwa ambao mama zetu wanaujua kwa watoto: matege. Miguu inapinda, taya linalainika kama mpira, mgongo unavunjika kwa kuruka tu. Na bado mwenye duka atakuambia, "Ametulia huyo, amezoea."

Ametulia! Wala hajatulia. Amechoka.

Kenge wa mbuga wa Afrika Magharibi ndiye anayeteswa zaidi. Wamekuwa wakikusanywa kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin, wengi wakiwa wachanga, na kuuzwa kwa bei rahisi. Mwingereza mmoja, Daniel Bennett, alikwenda Ghana kuwachunguza porini, na mwaka 2003 yeye na mwenzake Ravi Thakoordyal wakatoa kitabu kizima juu ya kenge huyo. Walichokionyesha ni kwamba huyu ni mnyama wa mashimo na wadudu. Anachimba, analala chini ya ardhi penye unyevu, na chakula chake kikubwa ni panzi, nyenje, majongoo na wadudu wengine. Mjini wanamfanyia nini? Wanamweka juu ya mchanga mkavu wa sentimita tano, au juu ya magazeti, na kumlisha panya mpaka anavimba kama gunia. Figo zinakauka, jongo linamshika viungo, anakufa akiwa bado kijana. Kisha wanaandika kwamba ni mnyama dhaifu. Dhaifu! Mtu umfungie chumba kikavu, umlishe mafuta matupu, umnyime maji, halafu useme kabila lake ni dhaifu!

Wanaomfuga kwa akili wanasema kiwango cha chini kwa kenge mmoja mzima wa aina hiyo ni banda la urefu wa futi 8, upana futi 4, na kimo futi 4, na ndani yake udongo uliochanganywa na mchanga kwa kina cha futi 2, wenye unyevu wa kutosha ili shimo lisibomoke. Piga hesabu kama fundi: 8 mara 4 mara 2 ni futi 64 za ujazo, yaani karibu mita 1.8 za ujazo. Udongo huo peke yake unazidi tani 2. Hapo ndipo utajua kwamba kenge si pambo la mezani. Huyu anahitaji sakafu ya zege. Na usithubutu kumpeleka kwenye chumba cha kupanga ghorofa ya tatu, utamshusha kwa jirani.

Na hata futi 8 tusijidanganye kwamba ni ukarimu. Katika Hifadhi ya Etosha, Namibia, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba dume la kenge wa nchi kavu, ndugu wa huyu tunayemwona huku kwetu, anaweza kuzunguka eneo la kilomita za mraba zipatazo 18. Kilomita za mraba kumi na nane! Sisi tunabishana kama aongezewe futi mbili.

Nazungumza juu ya futi mbili kwa sababu nimezisikia kwa masikio yangu. Mimi mchana ni saidia fundi wa seremala. Kuna kipindi tulipata kazi mahali fulani pa kuonyeshea nyoka na mijusi, pembezoni mwa barabara ya watalii. Sitapataja. Kazi ilikuwa kutengeneza kizimba cha kenge wa nchi kavu, mita moja na robo kutoka pua hadi mkia. Mwenye mahali akatoa kipimo: urefu mita moja. Fundi wangu, mtu mzima asiyependa maneno, akauliza kwa adabu, "Mzee, huyu mnyama si atakunja mkia maisha yake yote? Tuongeze hata futi mbili, mbao za kubaki zipo." Yule mzee akacheka. "Fundi, huyo atazoea. Wageni wanataka kumwona, hawataki kumtafuta."

Hayo maneno ya mwisho nimeyabeba mpaka leo. Wageni wanataka kumwona, hawataki kumtafuta. Ndiyo siri yote ya sanduku dogo. Kipimo chake kimekatwa kwa ajili ya jicho la anayelipa. Mnyama hakuulizwa.

Basi na tuwajibu wenye sanduku, hoja kwa hoja.

Wanasema: banda kubwa humtisha mjusi mdogo, anapotea, hali. Nusu kweli, na nusu kweli ni mbaya kuliko uongo mtupu. Kinachomtisha ni uwanja mtupu. Hata wewe ukilazwa peke yako katikati ya uwanja wa mpira hutapata usingizi. Mpe magogo, mapango ya mawe, majani, mashimo, matawi ya kupanda, uone kama atapotea. Porini hakuna kuta, na bado wanazaliwa na kukua.

Wanasema: ni gharama. Kweli. Lakini nani alikushika mkono? Aliyeshindwa bei ya nyumba hana haki ya kumchukua mpangaji na kumfungia kabatini. Na tena gharama nyingine ni uvivu wa kufikiri. Huko Marekani, mfugaji Frank Retes aliwapa wenzake ujuzi wa bei ya bure: panga vipande vya mbao kimoja juu ya kingine, acha upenyo kati yao, weka taa juu. Cha juu kinakuwa cha moto sana, cha chini kimepoa, na mjusi anachagua ghorofa anayoitaka huku amejificha. Mbao za mabaki na misumari! Wafugaji mpaka leo wanauita kwa jina lake. Halafu mtu ana gari aseme hana uwezo.

Na huku kwetu jua ni bure. Mzungu wa London analipia umeme ili amtengenezee mjusi jua bandia. Dar es Salaam, Morogoro, Mombasa, unahitaji ukuta tu. Ujengwe wa tofali za saruji, msingi ushuke mita moja chini maana kenge anachimba kuliko kibarua, ndani upigwe lipu laini asipate pa kushika kucha, na juu ufunikwe kwa wavu mgumu uliochomelewa, kwa sababu anapanda pia. Nusu iwe jua, nusu kivuli. Pawe na birika la maji la kumtosha kulala mwili mzima. Mfereji wa kutolea maji usisahaulike, masika isije ikamzamisha shimoni. Milango iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili ukiingia yeye asitoke. Hakuna hata kimoja hapo kinachomshinda fundi wa mtaani.

Lakini tusikimbilie tofali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haikuruhusu kumkamata mnyama wa porini na kumfuga bila kibali. Na sheria haikuja kutuonea. Nendeni mkaulize habari za msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Ni msitu mdogo, kilomita za mraba kama 4 tu. Humo anaishi mjusi mmoja wa buluu kama anga la asubuhi, mwili na mkia havifiki urefu wa kiganja, anayekaa kwenye mikadi. Uzuri wake ukamponza. Watafiti walieleza mwaka 2012 kwamba kundi moja tu la wakamataji, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, lilichukua zaidi ya mijusi 32,000 kwa ajili ya biashara ya nje. Wengine walikata mikadi yenyewe ili wamfikie, yaani walibomoa nyumba ili wamuuze mwenye nyumba. Mwaka 2016 Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na mwaka huo huo, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mjusi huyo anayetolewa porini. Walishaondoka wangapi kuingia visanduku vya kioo?

Inabaki hoja ya mwisho, ndiyo inayosemwa kijiweni kwa kelele zaidi. Binadamu wenyewe wanalala watano chumba kimoja, wewe unadai nyumba ya kenge?

Ndiyo, nadai. Na nadai kwa sababu hiyo hiyo. Mimi ninalala na wadogo zangu wawili katika chumba cha futi 10 kwa 10, na naandika riwaya yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nimeshaambiwa mara nyingi, na watu wenye sebule, kwamba watu wa uswahilini "wamezoea". Kwamba mtoto wa huku hahitaji meza kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Kwamba maktaba tutaifanyia nini. Ni uongo ule ule, ndugu zangu! Kwanza wanakupimia sanduku, kisha wanasema ndiyo saizi yako. Anayekubali kwamba kenge amezoea kukunja mkia, kesho hana mdomo wa kubisha akiambiwa na yeye amezoea kukunja miguu.

Kwa hiyo msiniambie nichague kati ya mtu na mjusi. Kanuni ni moja: ukimfungia kiumbe mlango, deni la nafasi ni lako. Yeye hakuomba kuja.

Na waliosema haiwezekani waliumbuliwa zamani. Mwaka 1927 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba mpya ya nyoka na mijusi, na aliyesimamia mpango wake alikuwa msichana aliyeitwa Joan Procter. Ugonjwa ulimzuia kwenda chuo kikuu. Hakuwa na shahada. Lakini aliwatazama wanyama, akajua wanataka nini: akaweka joto la umeme linalotofautiana mahali na mahali, na kioo maalumu kinachopitisha ile miali ya jua. Mle ndani wakaletwa wale kenge wakubwa wa Komodo, ambao dunia iliwaogopa kama majoka. Mmoja wao, Sumbawa, alizoea kutembea naye bustanini, yeye akimwongoza kwa kumshika mkia. Joan Procter alikufa mwaka 1931, na miaka 34. Chuo kikuu hakukuwa nacho, macho alikuwa nayo. Waandishi wenzangu mlioishia kidato cha nne, mnanisikia?

Maana sasa tumefika kwenu. Katika maandishi yetu kenge ni tusi tu. Mtu mjinga ni kenge, mwizi ni kenge, na msafara wa mamba haukosi kenge. Tumemfungia katika sanduku la neno moja, halafu tunashangaa wenzetu wakimfungia la kioo. Nimesoma hadithi nyingi za vijana zenye mto, zenye ukingo wa mto, zenye mpenzi analia ukingoni, wala hamna mwandishi aliyemwona kenge pale alipo. Na yupo! Nenda Bonde la Msimbazi asubuhi jua likianza kuchoma, kaa kimya nusu saa, usivute sigara. Utamwona anatoka, anapasha mgongo, anaonja hewa kwa ulimi, anaingia majini bila sauti. Huyo hahitaji taa, hahitaji banda, hahitaji kibali, wala hakugharimu hata nauli ukiwa na miguu.

Kwa anayetaka kumfuga kwa lazima, nina maswali matatu tu. Atakapofika ukubwa wake wote, atageuka bila kugusa ukuta? Ana mahali pa kuota na mahali pa kupoa, kwa wakati mmoja? Ana mahali pa kujificha na wewe usimwone siku nzima, na usinune? Ukijibu ndiyo mara tatu, na kibali unacho mkononi, njoo umwone fundi wangu, tutakujengea. Ukijibu hapana hata moja, rudisha mkono mfukoni na umwache mnyama wa watu alipo.